Tuzo za uandishi wa Kiswahili: ipi inastahili muswada wako?

Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Siku za kawaida natoa nakala za vyeti, nachapa barua za maombi ya kazi, nabana ripoti za wanachuo. Likitoka tangazo la tuzo ya uandishi, wateja wanabadilika. Wanaingia watu na kaunta buku zilizojaa mwandiko wa kalamu ya bluu, wengine na flashi iliyofungwa kamba, na wote wanauliza jambo moja: kuchapa kurasa mia mbili ni shilingi ngapi, na je, tutawahi kabla dirisha halijafungwa? Nami naandika. Nina riwaya niliyoimaliza na mashairi ninayoendelea kuyakusanya. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema kama mshindani, na pia kama mtu ambaye miswada ya wenzake imepita mikononi mwake.

Msimamo wangu ni kwamba tuzo ni huduma kama huduma nyingine, na mwandishi ndiye mteja. Analipa kwa usiku wake, kwa umeme wake, na kwa miezi ambayo angeweza kufanya kazi nyingine. Ana haki ya kuuliza atapata nini hata jina lake lisipoitwa, maana walio wengi hawaitwi. Kitita cha fedha ndicho kinachoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango, lakini mimi nakitazama mwisho. Kwanza natazama kama masharti yameandikwa wazi, kisha kitabu kitakwenda wapi baada ya hafla, kisha kinachobaki kwa aliyekosa.

Nianze na ile iliyonifanya nimalize riwaya: Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Afrika. Walioifahamu tangu zamani bado wanaiita Mabati-Cornell. Waliianzisha Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi mwaka 2014, kwa ufadhili wa kampuni za mabati, Mabati Rolling Mills ya Kenya na ALAF ya Tanzania, pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Ilipoanza ilitenga dola 15,000 kwa jumla: 5,000 kwa kazi bora ya nathari, yaani ya masimulizi, 5,000 kwa diwani bora ya mashairi, kisha 3,000 na 2,000 kwa wa pili na wa tatu. Kwa mwandishi wa Kiswahili, ambaye mara nyingi hutoa fedha mfukoni mwake ili achapishwe, hizo si fedha ndogo.

Hata hivyo, kilichonisaidia mimi ni sharti la urefu. Nathari ilitakiwa isipungue maneno 50,000. Anayeandika Kiswahili anajua mzigo huo, kwa sababu lugha yetu hupakia mtenda, wakati, mtendwa na tendo ndani ya neno moja, na kompyuta inalihesabu moja tu. Nilikuwa nimefika elfu thelathini na kitu, nikiamini hadithi imekwisha. Kila nikitazama ile namba chini ya skrini naiona haisogei. Ningeweza kurefusha maelezo ya bahari na machweo, na najua wanaofanya hivyo. Kurasa zao nazichapa na naziona. Badala yake nilimrudia mtu niliyekuwa nimemtaja akipita tu, mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, hapa Tanga, nikajiuliza jana amelala wapi, anadaiwa na nani, na kwa nini hamtazami usoni mke wa nahodha. Zikatoka sura nne, na ndizo ninazozipenda kuliko zote. Sharti hilo lilinifundisha zaidi ya semina nilizohudhuria.

Jambo la pili ninaloipongezea tuzo hii ni kwamba muswada ulioshinda hauishii kwenye hundi na picha ya pamoja. Unachapishwa, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam ni miongoni mwa wachapishaji walioshirikiana nayo. Diwani iliyoshinda nayo iliwekewa mpango wa kutafsiriwa kwa Kiingereza kupitia mfuko wa African Poetry Book Fund. Ukipitia orodha ya washindi unapata picha ya uwanja ulivyo mpana. Mwaka 2015 Anna Samwel Manyanza alishinda kwa riwaya ya Penzi la Damu, na Mohammed Ghassani, Mzanzibari aliyekuwa akiishi Ujerumani, kwa diwani ya N'na Kwetu. Mwaka 2017 ushairi ulikwenda kwa Dotto Rangimoto. Mwaka 2018 Zainab Alwi Baharoon alishinda kwa Mungu Hakopeshwi, na Jacob Ngumbau Julius wa Kenya kwa diwani ya Moto wa Kifuu. Mtanganyika, Mzanzibari, Mkenya na aliye ughaibuni wote walishindana kwa lugha moja, na majaji wakawasoma. Hilo lilinipa moyo kuliko hotuba yoyote ya Kiswahili oyee.

Upungufu wake kwa chipukizi ni kizingiti chenyewe. Kijana mwenye hadithi fupi tatu nzuri na shairi moja la kusisimua hana pa kuingilia, mpaka awe na kitabu kizima. Tena jina na masharti yamebadilika miaka ilivyokwenda, kwa hiyo naomba usitegemee tangazo la zamani ulilotumiwa na rafiki. Wateja wangu kadhaa wamewahi kuniletea tangazo la mwaka uliopita wakiwa wameshapanga kila kitu kwa masharti yake. Soma la mwaka huu, tena lote.

Ya pili ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilizinduliwa mwaka 2022, na washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, tarehe ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Kuipa jina hilo ni sahihi kabisa: huyu ni rais aliyeketi akatafsiri Shakespeare, na tafsiri zake za Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi tunazo hadi leo. Ilianza na riwaya na ushairi, ikaongeza hadithi za watoto, kisha tamthilia. Zawadi zilizotangazwa ni shilingi milioni 10 kwa wa kwanza, milioni 7 kwa wa pili na milioni 5 kwa wa tatu, katika kila nyanja.

Nguvu ya tuzo hii iko mahali ambapo watu hawapaangalii: serikali inagharimia uchapaji wa kazi zilizoshinda ili zifike shuleni na maktaba. Anayeishi mikoani anaelewa uzito wake. Nenda duka la vitabu la mji wowote mdogo uulize riwaya mpya ya Kiswahili. Utaonyeshwa vitabu vya kiada, daftari, na vitabu vya dini. Riwaya utaambiwa iagizwe Dar. Kwa hiyo mwandishi anaposhinda mahali ambapo kitabu chake kitafika shuleni Pangani au Lushoto, anapata wasomaji ambao soko pekee yake lisingempa kwa miaka. Milioni kumi zitakwisha. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekusoma hawezi kukusahau.

Lakini kuna athari moja ninayoiona mezani kwangu, na inanisikitisha. Waandishi wakijua kitabu kinaweza kwenda shuleni, wanaanza kujichuja kabla hakuna aliyewachuja. Wahusika wanaacha kuzungumza, wanaanza kuhutubia. Mlevi anaacha pombe ukurasa wa mwisho, mwenyekiti wa kijiji anatoa nasaha, na kila tatizo linatatuliwa kwa semina. Tangazo la tuzo halidai hayo. Ni woga wetu wenyewe tuliojifunza madarasani. Kijana mmoja alileta muswada wenye sura ya ugomvi wa ndugu wawili juu ya shamba la minazi, sura iliyonifanya nisimamishe mashine nikaisoma papo hapo. Wiki iliyofuata alirudi, akaniambia, "Dada, hiyo sura nimeitoa, naona ina matusi." Nilimsihi airudishe. Tusi lenyewe lilikuwa moja, na lilikuwa limesemwa na mtu ambaye amenyang'anywa mnazi aliopandiwa na marehemu baba yake. Ningependa waandaaji waseme wazi kwenye tangazo kwamba majaji wanatafuta fasihi, na kwamba mawaidha pekee hayatoshi. Sentensi moja ya namna hiyo ingeokoa sura nyingi.

Kwa mshairi anayeanza, mlango ambao ningemwelekeza kwanza ni Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein. Ilianza 2014, ikitokana na wasia wa marehemu Gerald Belkin, mtengenezaji filamu wa Kanada, na imepewa jina la mwandishi wa tamthilia ya Kinjeketile. Ninayoipendea ni kwamba huhitaji diwani nzima. Unaandika shairi, unalinoa, unalituma. Na mashairi ya shindano yalikusanywa yakatolewa katika diwani ya tuzo yenyewe, kwa hiyo faida haikuishia kwa aliyetajwa wa kwanza. Niliinunua diwani hiyo nikaiweka kaunta. Mteja akisubiri nakala zake anaifungua, anasoma, mara nyingine anauliza kama naye anaweza kujaribu. Zawadi ya fedha isingefanya kazi hiyo. Kwa kipimo changu cha kinachobaki kwa aliyekosa, hii naiweka juu ya nyingine zote.

Tusidharau mashindano kwa sababu ni mashindano. Bwana Msa, mpelelezi wetu wa kwanza mwenye kiko na akili ya kupekua, alitufikia kwa njia hiyo hiyo: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammad Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ndipo ikachapishwa mwaka 1960. Na hapa kwetu, Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, naye alitunukiwa Tuzo ya Margaret Wrong. Hatuombi jambo geni.

Kuna tuzo ambazo chipukizi huniuliza na mimi huwaambia wasubiri kidogo. Ya Jomo Kenyatta, inayoratibiwa na Chama cha Wachapishaji cha Kenya, ni ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Muswada wa spairo hauna nafasi pale. Ya Caine nayo inahusu hadithi fupi zilizokwisha kutoka kwa Kiingereza, au zilizotafsiriwa kwa lugha hiyo. Ni tuzo nzuri, ila si kwa aliye na kaunta buku mkononi.

Sasa niseme kuhusu yale mashindano madogo yanayosambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Mengine ni ya kweli, yameandaliwa na vijana wenye moyo. Mengine ni mtego. Liko moja, silitaji, lililodai ada ya ushiriki kwa simu, likaahidi kitabu cha pamoja na cheti. Tulituma, mimi na wateja wangu wawili. Cheti kilikuja kwa picha, jina la mmoja wetu limekosewa. Kitabu hakikutoka. Grupu likafungwa ili wasimamizi pekee waandike, kisha kimya. Fedha haikuniuma sana. Kilichoniuma ni sharti lililokuwa limefichwa chini kabisa, kwamba kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya waandaaji. Kwa hiyo hadithi ya mama mmoja wa Makorora, aliyoiandika juu ya kifo cha mwanawe, eti si yake tena, na hata kitabu chenyewe hakipo.

Mjue haki yenu. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania, kazi ni yako tangu ulipoiandika, hata kabla hujasajili popote. Mwandaaji wa kweli anaomba ruhusa ya kuchapisha kazi iliyoshinda, kwa muda na kwa namna iliyotajwa. Akitaka umiliki wa kila kilichotumwa, pamoja na cha walioshindwa, funga tangazo ulale. Tazama pia kama majaji wametajwa kwa majina, au angalau wamesemwa ni watu wa aina gani, na kama washindi wa mwaka jana wanaweza kuonekana wakiwa na kitabu mkononi. Ada peke yake si ushahidi wa wizi, lakini tuzo kubwa nilizozitaja juu hazikujengwa juu ya ada za chipukizi.

Mikusanyiko ya fasihi ni huduma nyingine, na kwa mwandishi anayeanza naona inalipa haraka kuliko tuzo. Nikiwa Dar nimekwenda Soma, pale Mikocheni, mahali pa vitabu na chai ambapo watu hukaa wakasoma kazi zao kwa sauti. Zamu yangu ilipofika nilisoma kurasa chache za riwaya. Nilipokuwa nikieleza mandhari ya bandari, watu walikuwa wapole, wanakoroga chai, wawili wanatazama simu. Nilipofika kwenye mazungumzo ya yule mchuuzi na mke wa nahodha, vijiko vilisimama. Mzee mmoja aliweka kikombe chini akageuza kiti kabisa. Hakuna jaji wa tuzo ambaye angenipa jibu hilo, maana jaji yuko mbali na hasemi. Niliporudi Tanga nilijua ni aya zipi za kufuta.

Kwa ushairi, tamasha la Lamu bado linanivutia kwa sababu lina mashindano ya mashairi ndani yake, katikati ya mbio za punda na za mashua na mabao yanayochezwa barazani. Pale shairi linasikiwa na watu waliolelewa juu ya vina na mizani. Ukivunja mizani, wanajua kabla hujafika kituoni. Mashairi yangu mengi ni huru, na najua si mahali pote yanapokelewa kwa mikono miwili, lakini ningependa kila mshairi huru wa Bara asimame mbele ya hadhira ile angalau mara moja. Atatoka na sikio kali zaidi.

Maonesho ya vitabu ya Nairobi, pale Sarit Centre, ni ya kibiashara zaidi. Nenda ukitaka kuonana na wachapishaji, kujua nani anachapa nini na kwa lugha gani. Usiende ukitegemea mtu atakaa asome muswada wako. Kwa aliye Tanga nauli inauma, kwa hiyo nenda ukiwa na kitu cha kuonyesha: muhtasari wa ukurasa mmoja na sura ya kwanza iliyosafishwa.

Kwa watakaotuma mwaka huu, mambo machache kutoka kaunta. Jina lako lisionekane ndani ya muswada kama tangazo limesema hivyo. Watu wengi huliweka juu ya kila ukurasa bila kujua, kwa sababu kompyuta waliyoazima ilikuwa imepangwa hivyo. Weka namba za kurasa. Kirekebishi cha tahajia cha Kiingereza kizime, maana nimeona "wake", ambalo ni neno la Kiingereza pia, likiachwa salama na "nilimwona" ikigeuzwa kitu kisichosomeka. Usingoje siku ya mwisho. Umeme wa kwetu hukatika, na faili kubwa kwenye mtandao wa simu jioni ni mtihani. Tuma mapema kisha ujitumie mwenyewe nakala kwa barua pepe, ubaki na ushahidi wa tarehe.

Na kwa waandaaji, wakubwa kwa wadogo, nina ombi moja ambalo nimelisikia kwa karibu kila mtu aliyerudi dukani baada ya orodha fupi kutoka bila jina lake. Najua majaji ni wachache na miswada ni mingi. Basi kwa kila aliyevuka hatua ya kwanza, jaji aandike sentensi mbili: ni sura ipi iliyomfanya aendelee kusoma, na ni wapi alipochoka. Zitumwe kwa barua pepe, bila sherehe. Kijana wa shamba la minazi bado hajaambiwa na yeyote zaidi yangu mimi kwamba ile sura ni nzuri, na mimi ni mwenye steshenari tu. Anastahili kuisikia kutoka kwa mtu aliyepewa kazi ya kusoma.